Mtemi, Mifugo na Kura: Habari za Siasa za Mvumi

Mtu akitaka kuijua nchi kwa kura zake, njia iliyo nyepesi ni kungoja siku ya kutangazwa matokeo. Jina la jimbo husomwa, hesabu hutajwa, na msikilizaji akisikia ya kuwa mahali fulani chama kimoja kimejizolea sehemu kubwa ya kura, hujiona amekwisha kuwajua watu wa mahali hapo. Ndivyo Ugogo ulivyohukumiwa kwa miaka mingi. Tangu uchaguzi wa vyama vingi uliporudi mwaka 1995, jimbo ambalo Mvumi imo ndani yake halijapata kumpeleka Bungeni mtu wa chama cha upinzani. Basi wenye haraka hukata shauri kwamba watu wa huko hawana mashindano, kwamba hupiga kura kama walivyozoea baba zao, na ya kuwa hapana historia ya kuandika mahali ambapo mshindi hujulikana kabla ya mchezo kuanza.

Hukumu hiyo haikutazama mambo kwa kina. Nia ya insha hii ni kuonyesha kwamba watu wa Mvumi walikuwa na njia zao za kumkubali na kumkataa mtawala tangu kabla karatasi ya kura haijajulikana. Kwamba njia hizo zimefungwa na kufunguliwa mara kadha wa kadha katika muda wa miaka mia moja na hamsini. Na kwamba hesabu ya siku ya uchaguzi, ikisomwa peke yake, huficha mengi kuliko yale inayoyafunua.

Mvumi iko upande wa kusini-mashariki wa mji wa Dodoma, mwendo wa kilometa zipatazo 40. Kwa jina hilo moja watu hukusanya mahali pawili palipo jirani: Mvumi Makulu, ndiyo Mvumi kubwa kwa lugha ya Kigogo, na Mvumi Misheni, iliyokua kando ya kanisa, shule na hospitali ya Waanglikana. Ni nchi kame. Mvua hunyesha katika msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka wa kawaida kipimo chake ni kati ya milimita 500 na 600. Tena mara nyingi huja kwa kishindo, kisha ikakatika wakati mtama unapochanua. Chakula cha wenyeji ni ugali wa mtama na uwele, na mboga yao ya mlenda. Akiba yao ya siku mbaya ilikuwa ng'ombe. Msomaji na ayashike mambo haya mawili, yaani mvua na ng'ombe, kwa maana siasa za Mvumi zimetoka humo.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katikati ya Ugogo. Haikuwa rahisi kuikwepa nchi hiyo, kwa kuwa kandokando yake ilitanda nyika isiyo na maji. Watemi wa Kigogo, waliokuwa na visima na chakula, walitoza kila msafara ushuru ulioitwa hongo, nao ulilipwa kwa nguo, shanga na waya. Henry Morton Stanley, alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alitozwa hongo hapa Mvumi, na katika kitabu cha safari yake hakuacha kunung'unika juu ya ukubwa wa madai. Yeye aliyaona kuwa unyang'anyi. Lakini kwa mwenyeji yalikuwa haki ya wazi: mgeni anakunywa maji ya nchi, basi na ailipe nchi. Leo neno hongo limegeuka maana, likawa jina la kitu kipewacho mtu gizani ili aiuze haki ya wengine. Tutalirudia neno hili mbele.

Utemi wenyewe haukuwa ufalme wa askari na majumba. Mathias Mnyampala, mshairi na mwandishi aliyekuwa Mgogo, alieleza mila za watu wake katika kitabu alichokitoa mwaka 1954. Na Peter Rigby, mtaalamu aliyefanya uchunguzi wake katika Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika kwa kirefu juu ya ng'ombe na ujamaa wa damu katika kitabu cha mwaka 1969. Tukiwasoma wote wawili twaona kwamba mtemi alikuwa kwanza mtu wa mvua. Ukoo wake ndio uliohifadhi mawe ya mvua, naye ndiye aliyeiombea nchi na kuikinga kwa dawa. Heshima yake ilikuwa kubwa, lakini mkono wake wa kulazimisha ulikuwa mfupi. Mwenye kaya aliyeona mambo yameharibika, kwa ukame, au kwa ugomvi, au kwa tuhuma za uchawi, alifungua zizi, akatanguliza mifugo yake, akaenda kujenga kaya mpya katika nchi nyingine. Rigby aliona kwamba kuhama namna hiyo halikuwa jambo la ajabu bali ni desturi ya maisha, na kwamba kaya zilizokaa pamoja mara nyingi zilikuwa za koo mbalimbali, zikiunganishwa na ujirani na ndoa.

Katika habari hiyo mimi naona mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba yule adhaniaye Wagogo hupiga kura kwa ukoo, kama kundi lifuatalo kengele ya ng'ombe wa mbele, hajatazama jinsi walivyokaa; penye koo nyingi katika ujirani mmoja, amri ya ukoo mmoja haifiki mbali. La pili ni kwamba kuhama kulikuwa ni namna ya kupiga kura. Mtemi ambaye nchi yake ilikimbiwa alikuwa amekataliwa, ingawa hakuna aliyesimama kumtukana. Na yule ambaye kaya zilimiminika kwake alikuwa amechaguliwa, ingawa hakuna aliyehesabu vichwa.

Utawala wa kigeni uliibana njia hiyo, ingawa haukuiziba. Wajerumani walikuja na kodi, na Waingereza, hasa baada ya sheria ya mwaka 1926 iliyoweka utawala kwa njia ya wenyeji, wakamfanya mtemi kuwa mkusanya kodi na hakimu. Mtu wa mvua akawa mtu wa daftari. Kati ya watemi wa Ugogo waliojulikana sana katika zama hizo ni Mtemi Mazengo wa Mvumi, ambaye jina lake lilikuja kupewa shule ya sekondari ya Mazengo mjini Dodoma. Zamani hizo hizo misheni ya Kianglikana, iliyokuwa imeanza kazi Mpwapwa tangu mwaka 1876, ilijenga kituo chake Mvumi, ikafundisha wavulana na wasichana kusoma. Hivyo Mvumi ikawa na vyanzo viwili vya heshima: baraza la mtemi na darasa la misheni. Watu wenye busara hawakuvipiganisha; mara nyingi kaya ile ile ilimpeleka mzee wake barazani na mtoto wake darasani.

Juu ya hayo yote palikuwa na njaa. Vita ya 1914 hadi 1918 ilipokwisha, baada ya majeshi ya pande zote mbili kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, mvua ilikosekana, na Ugogo ukapatwa na ile njaa kuu iitwayo Mtunya, ya tangu 1918 hadi 1920. Maelfu ya watu walikufa. Kwa watu wenye kumbukumbu kama hiyo serikali si jambo la nadharia. Serikali huweza kukumaliza kwa kuchukua chakula chako, na huweza kukuokoa kwa kukuletea. Ukame ulirudi Ugogo mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru, na mahindi ya msaada yakaja kupitia serikali mpya. Yamkini hapa ndipo ulipo mzizi mmoja wa ule uaminifu kwa chama kinachotawala ambao wageni huuita usingizi. Mwenye kuishi jirani na njaa hachezi na ufunguo wa ghala.

Tuje sasa kwenye kura yenyewe. Kura ya kwanza ya Tanganyika, iliyopigwa kwa awamu mbili mwaka 1958 na 1959, haikuwa ya watu wote. Mpiga kura alitakiwa awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, ndiyo shilingi 3,000, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au kazi ya cheo fulani. Tena alilazimishwa kuwapigia kura watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Chama cha TANU, baada ya mabishano makali katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, kilikubali kuimeza dawa hiyo chungu. Fikiri mwenye kaya wa Mvumi aliyekuwa na ng'ombe 100 zizini lakini hana hata shilingi mia moja mfukoni: kwa kipimo cha sheria ile alikuwa maskini asiye na neno la kusema. Mwaka 1960 masharti yalilegezwa, na mtu aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza aliruhusiwa kujiandikisha. Hapo lile darasa la misheni likazaa tunda ambalo waliolijenga hawakulikusudia, maana kila aliyefunzwa alifabeti ili asome Injili alikuwa amepata pia cheti cha kupigia kura.

Hata hivyo, mwaka huo wa 1960, kati ya viti 71 vilivyoshindaniwa nchini, TANU ilipata 70, na 58 kati ya hivyo ilivipata bila kupingwa. Twalitaja jambo hili kwa kuwa watu wa siku hizi huona ajabu wasikiapo mgombea amepita bila kupingwa, kana kwamba ni uzushi wa jana. Ilikuwa hivyo tangu mwanzo, ila sababu zilitofautiana: wakati ule hapakuwa na mpinzani kwa kuwa karibu kila mtu alitaka Uhuru.

Mwaka 1962 watu wazima wote walipewa kura ili wamchague Rais wa kwanza wa Jamhuri. Mwalimu Julius Nyerere alishindana na Zuberi Mtemvu, naye akapata kura zaidi ya milioni 1, hali Mtemvu alipata zipatazo 21,000. Tarehe 9 Desemba 1962 Rais huyo alisimikwa mjini Dar es Salaam, na kati ya wazee waliomvika alama za mamlaka ya jadi alikuwamo Mtemi Mazengo wa Mvumi. Tusimame kidogo hapa. Mtawala ambaye haki yake ilitoka katika mvua na ukoo alimkabidhi heshima yake mtawala ambaye haki yake imetoka katika sanduku la kura. Mwaka uliofuata, 1963, mamlaka ya watemi yalifutwa kwa sheria katika Tanganyika nzima. Mzee yule alikuwa amebariki kwa mkono wake mwenyewe nguvu iliyokuja kuufuta utemi. Sioni kama alidanganywa. Wazee wa Ugogo walijua kwamba zama hubadilika kama malisho yabadilikavyo. Lakini kwa kufutwa huko watu wa Mvumi walipoteza mtawala ambaye waliweza kumkimbia, wakapewa mmoja ambaye alikuwa kila mahali. Kwa hiyo swali likawa hili: je, sanduku la kura litaweza kufanya kazi iliyofanywa na kuhama?

Uchaguzi wa mwaka 1965 ulijaribu kulijibu. Nchi ilikuwa imekuwa ya chama kimoja, lakini katika karibu kila jimbo chama kilisimamisha wagombea wawili, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Kampeni zilisimamiwa na chama. Ilikatazwa kutumia kabila, rangi au dini, na mgombea alitakiwa kunena kwa Kiswahili. Kwa mji kama Mvumi, ambako Kigogo ndicho kilichokuwa lugha ya barazani na zizini, sharti hilo lilikuwa na uzito wake: siasa zilivikwa lugha ya taifa, na mwanasiasa akawa ni mtu ajuaye kusema na wengi walio mbali. Na kura ile ilikuwa na meno. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa katika jimbo lake huko Usukuma. Hakuna chama cha upinzani kilichomwangusha. Aliangushwa na wapiga kura wa chama chake mwenyewe. Huo ndio mfano ambao twapaswa kuukumbuka tutakapofika mwaka 2010.

Miaka michache baadaye ile njia ya kale ikafungwa kabisa. Mwaka 1970 na 1971, baada ya ukame mwingine, ilifanyika Operesheni Dodoma, ambayo kwayo kaya zilizotawanyika zilikusanywa katika vijiji vya ujamaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda kukaa Chamwino, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Faida zilikuwapo, wala si haki kuzificha: shule, zahanati na bomba la maji haviwezi kufuatana na kaya moja moja nyikani. Lakini kijiji chenye mipaka, orodha ya majina na mwenyekiti ni kitu tofauti na ujirani uliojengeka na kubomoka kwa hiari ya wakaao. Mwenye kaya aliyekuwa akisema hapana kwa kufungua zizi sasa alikuwa amewekwa mahali. Mwaka 1973 matawi ya TANU nchini yaliulizwa kama makao makuu yahamie Dodoma; zaidi ya matawi elfu moja yaliafiki, na zaidi ya mia nane yalikataa. Basi serikali ikaanza kuhamia kwa Wagogo wakati ule ule Wagogo walipokuwa wameacha kuhama.

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote katika siasa za Mvumi, nalo halikupigiwa kura. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi kama HADO, kwa msaada wa Uswidi. Ardhi ya Kondoa na Mvumi ilikuwa imechimbika makorongo, udongo wa juu ukichukuliwa na maji kila mvua inyeshapo. Baada ya matuta na upandaji miti kutotosha, wakuu waliamua kuondoa mifugo: Kondoa mwaka 1979, na tarafa ya Mvumi mwaka 1986. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda waliamriwa kutoka. Zamani watu walitoka pamoja na ng'ombe wao; mara hii ng'ombe walitoka, watu wakabaki.

Ni lazima kusema kweli pande zote mbili. Nyasi na vichaka vilirudi. Makorongo mengi yalitulia. Mtu aliyeiona Mvumi kabla na baadaye hawezi kukataa kwamba ardhi ilipumzika. Na baadaye ilihimizwa desturi ya kufuga ng'ombe wachache wa maziwa ndani ya mabanda. Lakini ng'ombe wa Mgogo hakuwa nyama na maziwa tu. Alikuwa mahari, alikuwa fidia, alikuwa samadi ya shamba, na katika mwaka wa njaa alikuwa gunia la mtama lililotembea kwa miguu minne. Kumwondoa ni kuivunja benki, mahakama na ghala kwa siku moja. Jambo zito kama hilo liliamuliwa bila karatasi moja ya kura kuuliza: mwataka au hamtaki? Mwaka 1985 watu walikuwa wamempigia kura Rais Ali Hassan Mwinyi, mgombea wa pekee, wakachagua na wabunge. Mwaka 1990 wakapiga tena. Karatasi zile ziliuliza habari za watu. Habari za ng'ombe hazikuulizwa.

Basi tuseme nini juu ya mtu wa Mvumi aliyetoa mifugo yake mwaka 1986, kisha akakipigia kura chama kile kile? Wengine watasema hakujali. Mimi nasema hakuwa na sanduku la kutilia jibu lake. Sanduku lililoletwa lilikuwa la swali jingine.

Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchini ikiwauliza wananchi kama waendelee na chama kimoja au vije vingi. Watu wapatao wanane katika kila kumi waliosikilizwa walitaka chama kimoja kiendelee, ingawa wengi wao walitaka marekebisho. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Katika uchaguzi wa mwaka 1995 Benjamin Mkapa alipata kura zipatazo asilimia 62 katika nchi nzima, na Augustino Mrema asilimia 28. Jimbo la Mtera, lililopewa jina la bwawa la Mto Ruaha Mkuu na ambalo Mvumi ilikuwa sehemu yake, lilikuwa mikononi mwa John Samuel Malecela, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 1990 hadi 1994, na baadaye Makamu Mwenyekiti wa CCM kwa miaka mingi. Mwana wa Ugogo aliyefika juu hivyo alikuwa kama mti mkubwa uwandani. Watu walipumzika kivulini mwake, na hapakuota mti mwingine chini yake.

Katika miaka hiyo lile neno la kale, hongo, lilirudi kwa sura mpya. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili kuruhusu takrima, yaani ukarimu wa desturi ambao mgombea angeweza kuwafanyia wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliibatilisha ruhusa hiyo kwa kuwa ilivunja usawa wa wagombea. Ukimsikiliza mwananchi wa kijijini utaona jinsi fikira ya kale ilivyokuwa bado hai: mgombea ni msafara upitao, huja mara moja katika miaka 5, hunywa maji, huondoka. Kwa nini asilipe? Kosa la fikira hiyo li wazi. Hongo ya mtemi ilitozwa mbele ya watu kwa ajili ya maji ya nchi. Ile ya mgombea hutolewa kwa mtu mmoja mmoja, naye huiuza kwayo haki ya jirani yake. Lakini fikira yenyewe si upumbavu. Ni njia ya mtu asiye na hakika kwamba atamwona tena yule amwombaye kura.

Mwaka 2010 CCM ilibadili kanuni zake. Kabla ya hapo mgombea ubunge alipigiwa kura za maoni na wajumbe wa mkutano wa chama. Sasa kura hizo ziliachwa kwa wanachama wote wenye kadi. Mlango uliokuwa wa watu mamia ukawa wa watu maelfu. Katika Jimbo la Mtera, Malecela, Waziri Mkuu wa zamani, mzee wa zaidi ya miaka 75, aliangushwa na Livingstone Lusinde, mwanasiasa wa kizazi kingine ambaye watu humwita kwa utani Kibajaji. Mwenye gari kubwa alipitwa na bajaji. Mwezi wa Oktoba uchaguzi mkuu ulifanyika, CCM ikashinda jimbo kama kawaida, na wale wasomao matokeo kwa haraka wakaandika kwamba huko hakuna kilichobadilika. Ukweli ni kwamba badiliko kubwa kabisa la siasa za jimbo hilo tangu vyama vingi lilikuwa limekwisha tokea mwezi wa Agosti, katika kura ambayo haiingii katika hesabu za taifa.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo tabia ya kura ya Mvumi inapoonekana. Mashindano yapo, ila yako mlangoni mwa nyumba, si uwanjani. Watu hawakukikimbia chama, kama vile baba zao hawakuukimbia Ugogo. Walihama kutoka kaya moja kwenda kaya nyingine ndani ya nchi ile ile. Mwaka 1965 jembe na nyumba ziliwapa nafasi hiyo, na mwaka 2010 kanuni mpya ikawapa tena.

Sidai kwamba njia hiyo yatosha. Kura za maoni ni za wenye kadi; asiye mwanachama hukaa nje, ingawa naye atatawaliwa. Tena ni rahisi kununua kura za nyumba moja kuliko kura za nchi. Na zaidi ya yote, mlango unaofunguliwa na chama huweza kufungwa na chama. Mwaka 2020, mwaka ambao Tume ya Uchaguzi ililibadili jina Jimbo la Mtera likaitwa Jimbo la Mvumi, kura za maoni za CCM zilikuwa zimerudishwa kwa wajumbe, na neno la mwisho likabaki kwa vikao vya juu, ambavyo katika majimbo kadha viliteua watu ambao hawakuongoza. Jina la Mvumi liliandikwa katika ramani ya uchaguzi mwaka ule ule ambao mlango wake ulipunguzwa upana. Nje ya chama nako njia ilikuwa imesonga: katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 wagombea wengi wa upinzani nchini walienguliwa, vyama vyao vikasusa, na CCM ikachukua takriban nafasi zote.

Uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulikuja katika hali hiyo. CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, hakikuwamo. Kiongozi wake, Tundu Lissu, mzaliwa wa Singida jirani na Ugogo, alikuwa kizuizini akishtakiwa kwa uhaini. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98, na katika miji kadha siku ile ilitiwa huzuni ya ghasia na vifo. Mwanahistoria atafanya nini na asilimia kama hiyo? Haimwambii kwamba watu wameridhika, wala haimwambii kwamba wamekasirika. Ni kisima kilichofunikwa: hujui kina maji kiasi gani mpaka kifunuliwe.

Mvumi ya leo i karibu na makao makuu ya nchi, ambayo Dodoma imethibitishwa kuwa kwa sheria ya mwaka 2018. Wilaya yake ni Chamwino, na huko Chamwino iko Ikulu. Kijana wa Mvumi aweza kusafiri mpaka mlangoni pa Bunge kwa muda usiozidi asubuhi moja. Babu yake alikuwa mbali na serikali, na aliweza kuikataa kwa kufungua zizi. Yeye yu karibu nayo kuliko karibu kila kijana wa kijijini nchini, na zizi halina tena njia ya kupitia.

Basi wale watakaoandika juu ya siasa za Ugogo wasianze na hesabu ya siku ya uchaguzi. Na waulize kwanza: mwaka huo mlango ulikuwa wapi, ulifunguliwa na nani, na watu wangapi waliruhusiwa kuufikia? Waulize pia ni jambo gani lililoamuliwa bila kura, kama lile la mwaka 1986. Wakipata majibu ya maswali hayo, ndipo wataweza kusema kama wingi wa kura ulikuwa upendo, au hadhari, au kukosa pengine pa kwenda. Watu waliowahi kumchagua na kumkataa mtemi kwa miguu yao hawakusahau namna ya kuchagua. Wamengoja mara nyingi kuletewa sanduku lenye swali lao. Na mara mbili tatu lilipoletwa, walilijibu.